Niambieni Tena

Mwaka jana jirani yangu hapa Voi alikuja kwangu jioni, akakaa kwenye stuli jikoni, akashika kikombe mpaka chai ikapoa. Binti yake alikuwa amelazwa. Kwa miezi kadhaa msichana yule alikuwa hali, haongei, haogi mpaka aogeshwe. Madaktari walikuwa wamemwambia mama yake kwamba vidonge vimeshindwa, na sasa wanataka kumtibu kwa umeme wa kichwani.

"Bibi Wakesho," akaniambia hatimaye, "watu wanasema wewe ulipigwa stima zamani. Nisamehe kama nimekukosea."

"Hujanikosea. Ni kweli."

"Na ulipona?"

Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Lakini alipoondoka nilijua sijamwambia hata nusu, na nusu iliyobaki ndiyo hii ninayoiandika. Elimu ya daktari sina. Sijui umeme unafanya nini ndani ya kichwa cha mtu. Najua benchi la kusubiri, najua kuamka bila kujua uko wapi, na najua kazi wanayoachiwa wale wanaokupenda.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Mume wangu, Mwakio, alifanya kazi ya reli, kukagua njia ya gari moshi na kukaza pale palipolegea. Tulikaa landhi, zile nyumba za mistari walizojengewa wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na jiko la nje. Mimi nilizaliwa milimani, upande wa Wundanyi, kwenye baridi na ukungu, na Voi ilinishinda mwanzoni kwa joto na lile vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya chungu kilichofunikwa. Lakini nilizoea. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kila mtu aliniuliza nimefanywa nini. Sikufanywa kitu. Mume wangu hakunipiga wala hakuwa mlevi. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, Malemba, aliyekuwa ameanza kutembea na kuropoka maneno. Mvua za vuli zilinyesha vizuri mwaka ule. Ndipo nikaugua.

Haukuanza kama ugonjwa. Ulianza kama uzito wa mikono. Nikichukua sufuria niioshe, naishika tu, namtazama kuku akipita. Kisha usingizi ukakatika. Kisha ladha ikaondoka, nikila chumvi na sukari vyote ni mamoja, kama mtu anayetafuna karatasi. Kisha, na hili liliniogopesha kabla sijaishiwa hata na woga, Malemba akilia nilimsikia kama mtoto wa nyumba ya mbali. Nilijua ni wangu. Mwili haukuinuka.

Watu hudhani mgonjwa wa aina hii hulia mchana kutwa. Mimi ningeshukuru kulia. Nilikuwa mkavu kama mto wa hapa kwetu wakati wa kiangazi, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Siku hizi wataalamu wa lugha wanauita sonona. Wakati ule haukuwa na jina, na ugonjwa usio na jina kila mtu huupa lake. Majirani wa landhi walisema nimerogwa. Wengine walisema nina kiburi cha watu wa milimani, nadharau Voi.

Mama mkwe wangu alipopata habari kwamba mwanawe anapika mwenyewe akitoka kazini, alifunga mzigo wake akaja kutoka Mwatate. Watu walimwita Mama Mwakio, na kwao alijulikana kwa ukali. Mimi nilimwogopa tangu siku ya mahari, aliponitazama mikono badala ya uso. Alifika, akaona vyombo, akaona mtoto mwenye kamasi kavu, akaanza kunisema. Alinisema tangu asubuhi mpaka jua likazama. Sikujibu. Siku ya pili alinisema tena. Siku ya tatu alinipa uji, akakaa mbele yangu kunitazama nikinywa, na uji ulikaa mdomoni mwangu mpaka ukachuruzika kidevuni.

Mwakio aliporudi kutoka kazini mama yake alimngoja mlangoni.

"Huyu si mvivu," akamwambia.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia. Sasa nimeona mwenyewe. Mvivu hula."

Tangu siku hiyo hakunisema tena. Alianza kunilisha kwa kijiko.

Habari zilipopanda milimani, wazazi wangu waliteremka kunitazama. Baba hakuwa amebatizwa. Kwetu Taita, mzee wa nyumba akiona ugonjwa usioeleweka huuliza ni nani mwenye hasira moyoni, kisha hufanya kutasa: hupiga funda la pombe ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu, huku akitamka maneno ya kuitoa ile hasira na kuomba heri. Baba alisimama mbele yangu akanipulizia kifuani. "Kama ni mimi niliyekukasirikia pasipo kujua, naitoa," akasema. "Uwe mzima. Ule. Ulale. Uinuke." Mwakio, ambaye alikuwa mtu wa kanisa, alikwenda kusimama nje mpaka baba akamaliza, na watu wawili hao hawakusalimiana vizuri tena kwa muda mrefu. Mimi nilihisi matone yale yakishuka kifuani. Nilijua kwamba nampenda baba, kama unavyojua kwamba mbili na mbili ni nne. Ilikuwa hesabu tu.

Mama yangu mzazi, Mghoi, alikuwa pale pia. Ninaambiwa alinisuka nywele mchana mzima, akaimba, akanipikia kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharage, akanilisha kwa vidole. Ninaambiwa alipoondoka na Malemba kwenda kumtunza milimani, alinishika mashavu akasema: "Nitakuletea mtoto mvua zikipungua. Ningoje." Mimi sikumbuki hata kidogo. Namkumbuka baba siku ile, na manyunyu yake. Mama amefutika, na ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuonana naye.

Dresa, yule muuguzi wa zahanati ya Voi, alinipima, akanivuta kope, akasema hana dawa ya ugonjwa huu na tukikaa nitakufa njaa. Alitupa barua ya kwenda hospitali ya Mombasa. Mwakio alibaki kazini. Ni mama mkwe aliyenipeleka. Katika gari moshi aliniketisha dirishani kama mtoto, akanifunga leso yake kiunoni ili kona moja awe ameishika yeye. Hakuwa amewahi kufika Mombasa. Kila stesheni aliuliza kama ndipo.

Tulikaa kwa Maghanga, mdogo wake Mwakio, ambaye pia alikuwa mtu wa reli, na mkewe Saru. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na pazia. Saru alitupisha kitanda, yeye na mumewe wakalala chini, naye hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Namtaja hapa kwa sababu mengi ninayoyasema kuhusu miezi ile nimeyapata kwake.

Asubuhi ya matibabu unakwenda bila kula wala kunywa. Mnakaa kwenye benchi la mbao kando ya ukuta uliopakwa chokaa, nyote mkitazama mlango mmoja. Mlango ukifunguliwa kila mtu hutazama miguu yake, kana kwamba nesi hataita jina la mtu anayetazama chini. Ndani husikii kelele, na hilo ni baya zaidi, maana masikio hubaki yakitafuta. Nilikuwa nimeacha kuogopa mambo yote duniani, lakini pale kwenye benchi woga ulinirudia kabla ya kitu kingine chochote. Mama mkwe baadaye alisema alifurahi kuona magoti yangu yakitetemeka. "Nilisema, kumbe bado kuna mtu ndani."

Kulikuwa na mama mmoja wa Kimombasa, mtu mzima, mwenye buibui na tasbihi, aliyekuwa akitibiwa siku zilezile. Siku moja aliona ninavyotetemeka, akanisogelea, akauweka mkono wangu juu ya wake. "Usihesabu mlango, mwanangu," akasema. "Hesabu pumzi." Hatukuwahi kujuana majina. Alikuwa akiingia kabla yangu, na akitoka amesahau kwamba tumewahi kuonana, nami vilevile. Kwa hiyo, mama mkwe aliniambia baadaye, kila mara tulianza upya, wageni wawili, na kila mara aliusogeza mkono wake.

Nasikia siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza. Sisi tuliingia macho wazi. Unapanda kitandani, unavua kila kitu chenye chuma. Nesi anakupangusa pande mbili za paji kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Wanakutia kipande cha mpira mdomoni ukiume. Watu wanakushika mabega, nyonga na magoti, si kwa ukatili, wanakushika usijivunje. Pembeni kuna sanduku la mbao, ukiliona unaweza kudhani ni redio. Daktari Mzungu anasema neno kwa sauti ya kawaida. Halafu hakuna kitu.

Huo ndio ukweli, na nilimwambia jirani yangu hivyo hivyo: maumivu ya umeme wenyewe siyajui. Nayajua ya baadaye. Kichwa kinagonga, ulimi umeumwa, paja na mgongo vinauma kama umebeba magunia ya mkonge. Mgongo wangu haujawahi kuwa sawa tangu hapo, na wakati wa baridi bado huniambia habari zake. Wakati mwingine unaamka nguo imelowa, na aibu inafika kabla ya jina lako. Kulikuwa na ayah, mhudumu wa wodi, aliyekuwa na kanga kuukuu kabatini kwa ajili hiyo. Alikubadilisha akiongea habari za bei ya samaki, asikutazame, ili uone ni jambo dogo.

Na unaamka hujui kitu. Uko wapi, ni mwezi gani, huyu mwanamke mkali aliyekaa hapa ni nani. Polepole vitu vinarudi, vingine saa ileile, vingine baada ya siku mbili. Vingine havirudi.

Mara za kwanza hakuna aliyeona tofauti. Kisha asubuhi moja kwa Saru nilionja uji nikasema, "Huu uji hauna sukari." Mama mkwe alichukua bakuli, akaweka sukari, akarudisha bakuli mikononi mwangu, akatoka. Saru anasema alisimama katikati ya mistari ya nyumba akiwatangazia watu asiowajua: "Amelalamika! Mke wa mwanangu amelalamika uji!"

Masika yalipita. Nilianza kuoga mwenyewe. Nilianza kuuliza habari za Malemba, na kila nilipouliza nilisema mama ameahidi kumleta, kwa sababu mama mkwe alikuwa amenirudishia ile ahadi niliyoisahau. Nilikuwa na kitu cha kungoja, na mtu anayengoja kitu yuko upande wa walio hai.

Baridi ilipoingia milimani, mama yangu alishikwa na kichomi. Hakuchukua muda. Mwakio alipata habari Voi, akapanda kwenda kuzika, kisha akaja Mombasa na nguo zile alizozikia. Hakuweza kuniambia. Mama mkwe ndiye aliyeniambia. Alinikalisha kitandani, akanishika mikono yote miwili, akasema: "Wakesho, mama yako Mghoi ametuacha. Alishikwa na kichomi. Walimwita mchungaji na baba yako alikuwepo, hakufa peke yake. Wamemzika nyumbani, kando ya migomba. Mtoto wako ni mzima, yuko kwa dada yako."

Nililia. Machozi ambayo yalikuwa yamenikauka tangu vuli yalitoka siku hiyo. Nililia mpaka majirani wakaja kukaa nasi. Asubuhi ya matibabu, nesi aliposikia kwamba mgonjwa amelia, alitabasamu. "Vizuri," akasema. "Sasa anapona." Saru alitaka kumzaba kofi. Lakini nesi hakukosea, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi moyoni. Nilikuwa nimetibiwa kiasi cha kuweza kufiwa.

Niliingia nikatibiwa. Nilipozinduka na kurudishwa nyumbani, nikanywa chai, nikauliza: "Mama bado hajafika na mtoto?"

Sasa naeleza niliyoambiwa, maana mimi mwenyewe sina hata siku moja ya hizo. Mama mkwe aliniambia tena, kwa maneno yaleyale. Nami nikalia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Baada ya matibabu yaliyofuata, nikauliza tena.

Ndipo ugomvi ukaanza nyumbani kwa Maghanga. Mwakio alitaka kunirudisha Voi. "Amelia, anakula, amepona," alisema. "Tunamtesa bure." Mama yake alimjibu kwamba daktari amesema tukiacha katikati naweza kurudi nilikotoka, na kwamba yeye hawezi tena kunifuta uji kidevuni. Maghanga alisema basi nitibiwe, lakini nisiambiwe. "Mwacheni angoje. Akipona kabisa ataambiwa mara moja, yaishe."

"Siwezi kumdanganya mtoto wa mtu kuhusu mama yake," mama mkwe akasema.

"Si kumdanganya. Ni kunyamaza."

"Yeye anauliza, Maghanga. Utanyamaza vipi mbele ya mtu anayekuuliza?"

Siku moja mama mkwe alikuwa amekwenda sokoni. Nilizinduka vizuri nikamuuliza Saru kama mama amefika. Saru alikuwa mama mwenye huruma, na huruma ilimponza. Akasema, "Yuko njiani."

Ninaambiwa nilioga. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikavaa viatu, nikatoa kiti nje nikakaa nikitazama upande wa stesheni. Saru aliniletea chakula, nikasema nitakula na mama. Alinisihi niingie ndani kwenye kivuli, nikasema mama atanipita, hazijui nyumba za huku. Kila aliyetokea na kifurushi kichwani nilisimama. Mama mkwe aliporudi alinikuta pale, jasho limelowesha gauni, viatu vikiwa bado miguuni. Alimtazama Saru, akaelewa. Akaweka kikapu chini. Akachuchumaa mbele ya kiti changu, nje pale, watu wakipita, akanishika mikono yote miwili.

Jioni ile, Saru anasema, nilipomaliza kulia nilitulia nikawa na akili timamu kuliko siku zote za ugonjwa. Nikauliza nimeambiwa mara ngapi. Mwakio, ambaye alikuwa amekuja kwa likizo fupi, akasema, "Wakesho, useme wewe. Ukitaka twende nyumbani kesho, tutakwenda. Utabaki na habari hii, hutaambiwa tena."

"Na ule ugonjwa?"

"Huenda urudi. Huenda usirudi."

Nikasema nitatibiwa mpaka mwisho. Nikamgeukia mama mkwe. "Lakini msiniache nikae mlangoni tena. Nikisahau, niambieni. Kila nikisahau, niambieni tena."

"Nitakuambia," akasema.

Uamuzi huo ulikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kufanya, na sikumbuki kuufanya. Nauamini tu, kama ninavyoamini siku yangu ya kuzaliwa.

Alitimiza. Sikuwahi kumsikia akilizungumza jambo hilo maisha yake yote. Ni Saru aliyenieleza, miaka mingi baadaye, kwamba kila siku ya matibabu, niliporudishwa nyumbani na kuanza kutazama huku na huku, mama yule alitoka kwanza kwenda bombani. Alinawa uso, akajifuta kwa ncha ya leso, akarudi na kukaa karibu nami akisubiri swali. Hakuwahi kunitangulia. Alingoja niulize. Hakuwahi kufupisha maneno pia, hata pale alipokuwa amekwishakonda yeye mwenyewe, leso imezunguka kiuno mara mbili. Mchungaji, baba alikuwepo, migomba, mtoto ni mzima. "Na hakuwahi kulia," Saru akasema. "Mimi nilikuwa nalia nyuma ya pazia. Yeye hapana."

Matibabu yalipokwisha daktari alisema kumbukumbu itatulia polepole. Tulirudi kwa gari moshi, na safari hii mimi ndiye niliyemwambia mama mkwe majina ya stesheni. Kutoka Voi tukapanda milimani.

Nilifika nyumbani kwetu wakati msiba umeshakwisha. Nywele walizonyoa dada zangu zilikuwa zimeota tena. Walikuwa shambani wakipalilia na kucheka jambo fulani, na waliponiona wakanyamaza, wakaja kunikumbatia, lakini machozi yao walikuwa wameyamaliza. Huwezi kuwadai watu walie upya kwa ajili yako. Malemba alikuwa mgongoni mwa dada yangu mkubwa. Nilipomnyooshea mikono alijificha shingoni mwake, akamwita mama. Dada aliona haya, akajaribu kumsukumiza kwangu. Nikamwambia amwache. Nilikwenda kando ya migomba peke yangu. Udongo ulikuwa umeshuka, majani machanga yameanza kuota juu yake. Nililala kifudifudi pale mpaka ukungu ukateremka na nguo zikawa mbichi.

Na asubuhi iliyofuata niliamka ndani ya nyumba ya mama yangu, nikasikia harufu ya moshi wake na kuona chungu chake, nikamuuliza baba: "Baba, mama amekwenda kuchota maji?"

Baba alikuwa ameshika mlango. Mama mkwe, aliyelala mkekani, aliinuka akaanza kutoka nje. Alikuwa anakwenda kunawa uso.

"Kaa, Mama Mwakio," baba akamwambia. "Hapa ni kwangu. Nitamwambia mimi."

Akaja akakaa mbele yangu. Mzee huyu, aliyejua maneno ya kuitoa hasira katika moyo wa mtu, alifungua mdomo na hakuna neno lililotoka. Alifungua tena. Basi mama mkwe akapiga magoti kando yake, akanishika mikono, akaanza. Alipofika kwenye "baba yako alikuwepo, hakufa peke yake," baba akasema, "Nilikuwepo." Hiyo ndiyo sehemu pekee aliyoiweza.

Ugonjwa haukurudi kwa ukali ule. Ulinigusa mara moja baada ya mtoto wa tatu, ukaondoka. Kwa hiyo jirani yangu akiniuliza tena kama nilipona, jibu ni ndiyo. Na akiuliza kama ningekubali tena, jibu ni ndiyo, kwa sababu nililea watoto, na Malemba alirudi kuniita mama, ingawa ilichukua mwaka mzima na hakuwahi kumwacha dada yangu, aliyeendelea kumwita mama mkubwa. Lakini asije mtu akamwambia kwamba hakuna kinachopotea. Mimi nilipoteza mchana mzima wa mikono ya mama yangu kichwani mwangu. Nimeuulizia kwa kila aliyekuwepo. Mmoja anasema aliimba wimbo wa kanisa, mwingine anasema wa kutwanga. Nimekusanya vipande na bado siusikii.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaomsindikiza mgonjwa: kaeni karibu anapoamka. Akiuliza, mjibuni. Na mumtafute pia mtu wa kumshika huyo anayejibu, maana kwetu hatukumtafuta.

Tulirudi Voi. Mama mkwe hakurudi Mwatate, alisema atangoja kidogo. Kwa majuma kadhaa niliuliza, naye akaniambia, kisha nikawa nauliza siku moja na kupitisha nyingine. Vuli ilianza tena. Asubuhi moja niliamka mvua imenyesha, vumbi la landhi limelala, na Mwakio ameshaondoka kwenda kukagua reli. Nilifungua macho, na kabla sijasikia sauti ya mtu yeyote nilikuwa nimeshajua. Habari ile ilikuwa imekaa kifuani, nzito, yangu, haikuletwa na mtu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa na maji, ametoka bombani.

"Kwawuka," akanisalimu kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, kama kila asubuhi, akaja akakaa karibu nami. Akaweka mikono yake magotini, akangoja swali.

"Najua, mama," nikamwambia.

Hakuelewa. "Unajua nini?"

"Mama yangu amekufa. Alishikwa na kichomi. Mchungaji aliitwa, na baba alikuwepo. Yuko kando ya migomba. Malemba ni mzima."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwanza mikono, kisha uso. Akavuta leso akajifunika kichwa chote, mama mkali yule wa Mwatate, akaanza kulia kwa sauti, akimwita Mghoi kwa jina, kama mtu aliyepata habari asubuhi hiyohiyo. Nikamshika mikono yote miwili.